Mstari Unaopita Uani Kwako

Dada yangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wanao, na kwamba ule mgongo umepunguza kukusumbua. Usiniambie umepona wakati bado unainamia cherehani tangu asubuhi mpaka giza, nakujua. Mimi mwilini sina neno, ila usingizi umenisusa. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika popote, kama kawaida yako.

Kazini mambo yamebadilika. Ulikuwa ukinitania kwamba mtu mzima nalipwa kwa kupaka rangi karatasi. Siku hizi hata rangi hatupaki. Kompyuta inalishwa picha zilizopigwa kutoka angani na hesabu za mvua, kisha inatuletea ramani iliyokamilika. Bosi husema kazi yetu maofisa mipango miji imebaki kusaini tu. Yeye hucheka akisema hivyo.

Unayakumbuka mafuriko yaliyoingia mpaka kwenye zahanati ya bondeni. Mfereji wa zamani ulichimbwa kwa mvua za enzi za baba. Sasa huko juu kote kumejengwa, maji hayana pa kuzama, yanashuka yote kwa pamoja. Nikapewa kazi ya kutafuta njia ya mfereji mpya, mpana zaidi. Kompyuta ilileta njia mbili: ya juu inakata safu ya nyumba zenye hati, ya chini inapita kwenye vyumba vya wapangaji vilivyojengwa bila hati. Bosi aliitaka ya chini. Alisema wale hawana karatasi yoyote, kwa hiyo hakuna wa kulipwa fidia wala wa kutupeleka mahakamani. Nilimbishia. Nilimwonyesha kwamba njia ile ina kona kali mno, na mvua kubwa ikija maji yataruka kona na kurudi zahanati kulekule. Tulivutana mpaka akachoka, akaniambia nifanye nitakavyo, ila lawama nibebe peke yangu. Nilitoka ofisini kwake kichwa kimenivimba, najiona mtetezi wa wanyonge.

Kesho yake nikaenda na mpima ardhi kuikagua njia ya juu kwa miguu. Tulipandia kwa nyuma, kutoka bondeni, tukipita ua hadi ua. Tukafika kwenye ua mmoja wenye sare za shule zimeanikwa kambani, na mlango wa nyuma wenye rangi ya kijani iliyochuruzika vibaya. Mlango ule niliupaka mimi.

Utauliza nilikosaje kuijua nyumba niliyolala mara chungu nzima. Ni ugonjwa wetu sisi watu wa ramani. Kwako huingia kwa mbele, naona kibaraza na vitambaa vyako. Kutoka angani ni bati la kijivu kati ya mabati mengine, limeandikwa namba ya kiwanja. Nilipitisha mstari juu yake huku nakunywa chai.

Nilisikia cherehani yako ikilia huko ndani. Nilimwambia mpima tuendelee.

Bosi alipopata habari alinihurumia, tena kwa dhati. Alisema ramani bado haijasainiwa, njia ya chini ingalipo, na hata yeye angeiokoa nyumba ya dada yake. Basi nikaanza kuusogeza mstari huku na huku. Nikikukwepa wewe, kona inarudi palepale, na zahanati inazama. Nikakumbuka ulivyoiinua nyumba hiyo tofali kwa tofali baada ya shemeji kufariki, na mimi nikiwa mgeni wako wa kudumu nisiyechangia hata msumari. Sikufichi, nililia chooni pale ofisini kama mtoto.

Nimezunguka mbuyu vya kutosha. Dada, nimesaini. Nimesaini jana, njia ya juu, na nyumba yako itabomolewa. Utalipwa, utapewa kiwanja kingine, na hilo nitalisimamia mwenyewe. Lakini wateja wako wanakijua kibaraza hicho, na fidia haitawahamisha pamoja nawe, hayo nayajua. Haturuhusiwi kumwambia mtu kabla ya tangazo, na hapo nimevunja sheria. Kuwafukuza wale wapangaji mikono mitupu ili wewe ubaki, hilo lilinishinda. Kuna saa najichukia. Ukitaka kunitukana, nitukane hata mbele ya wanao.

Wasalimie wote, na mama mkwe wako mwambie namkumbuka. Wiki ijayo watapita watu wa kuweka alama nyekundu kwenye kuta za nyumba zitakazobomolewa. Nimeomba ya kwako niachiwe mimi. Nitakuja mchana na kopo langu la rangi, nibishe hodi. Ukinifungulia, nitaingia kukusalimu kwanza. Usiponifungulia, nitaipaka hivyohivyo.

Ni mimi mdogo wako,
kitinda mimba.