Bahasha ya Kumi na Tatu

Nairobi, Eneo la Viwanda
12 Septemba 1997

Mdogo wangu Persis,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu mama, halafu wote wa boma letu hapo Gesima. Mimi ni mzima, ila mgongo umeanza kunihesabia miaka. Shingo ya mama inaendeleaje? Ule uvimbe bado unamzuia kumeza?

Ulinidai habari za kazi. Bado napakua masanduku ya kompyuta pale kwa Bharat, yule muuzaji, na tangu Agosti nimeongezewa kazi moja nyepesi. Kila Ijumaa napewa bahasha yenye diski moja na namba juu yake, naipeleka ofisi ya basi la Kisii. Ni zile unazozipokea kwenye ukarani wako hapo hospitali ya Nyamira. Kwa hiyo ukishika bahasha, jua nimeishika kabla yako.

Nikipakua huwa nawasikia mafundi wawili wakibishana, tena mbele yangu kama vile mimi ni kabati. Ankit ndiye kijana, na ndiye anayetengeneza hizo diski zenu. Anasema mfumo unaoendesha kompyuta ubadilishwe kidogo kidogo, kila wiki, bila kusimama. Akiona kosa leo, kwa nini mgonjwa wa Nyamira asubiri mwaka mzima ndipo apate marekebisho? Mwenzake ni Sudha, mama wa miaka hamsini hivi, miwani imefungwa kamba. Yeye anataka toleo moja kwa mwaka: mambo yote yakusanywe, yajaribiwe pamoja, yafungwe, halafu yasiguswe na mtu. Juzi Ankit alimwuliza anaogopa nini. Akamjibu, "Naogopa vipande viwili ambavyo havijawahi kukutana."

Mimi nilicheka kimoyomoyo. Nilijiambia, hawa wanabishana juu ya chai. Ankit ni mtu wa kuchuma: majani mawili na chipukizi, kila duru unarudi kwenye kichaka kilekile. Sudha ni mtu wa kupogoa: unakata shamba zima siku moja, unaliacha lipumzike. Nilipomwambia Ankit hivyo, alifurahi sana, akasema nimeelewa kuliko wateja wake. Bharat alikuwa tayari kuuza vyote viwili. Huyo msimamizi wenu Zachariah ndiye aliyechagua diski za kila wiki.

Andika upesi. Nisalimie mama.

Kaka yako,
Ratemo

~

Nyamira
28 Septemba 1997

Kaka Ratemo,

Huku tunashukuru, mbuya mono, vizuri sana, isipokuwa baridi. Nimesoma barua yako kwa sauti nikaitafsiri kwa Ekegusii, na mama akasema wewe tangu zamani hukosi cha kucheka hata ukibeba mzigo.

Uvimbe umekua. Daktari ameamua utatolewa mwezi wa Novemba, hapahapa kwetu. Mama ameogopa kisha amekubali. Kitu kinachonitia mimi hofu unakijua: sindano ya penisilini. Hukuwepo mwaka ule alipodungwa akavimba uso hata macho yakafunga, baba akamkimbiza kwa mkokoteni. Ndiyo maana kadi yake ndiyo niliyoiingiza ya kwanza kwenye kompyuta. Niliandika onyo kwa herufi kubwa: ASIPEWE PENISILINI. Nikamwonyesha. Hajui kusoma, lakini aligusa kioo kwa kidole, akauliza kama maandishi hayo yanaweza kufutika kwa maji. Nikamwambia hayafutiki. Sasa kila anayemwuliza habari za mwili wake anamjibu, "Iko kwa mashine."

Kadi za karatasi Zachariah ameamuru zitiwe kwenye magunia, ziko stoo nyuma ya jenereta.

Diski zako zinafika. Nakwambia ukweli, Jumatatu siipendi. Ninaweka diski, naamka kesho yake kitu kimehama mahali pake. Wiki moja tarehe zilianza na mwezi. Wiki nyingine printa ilikataa kazi siku mbili, mpaka diski iliyofuata. Lakini kuna jema pia. Zamani jina la faili lilikuwa herufi nane tu, na sisi unajua tulivyo: kila mtoto amepewa jina la marehemu, ukoo mmoja una watu wanne wa jina moja. Tuna Kemuma Nyaboke, ndiye mama, na Kemuma Nyanchama wa Nyansiongo, wote wametoka kwa bibi mmoja. Sasa kompyuta yangu inakubali jina lote, na kila mgonjwa ana faili lake. Nilimwandikia Ankit kumshukuru.

Kula vizuri. Acha kubeba masanduku mawili kwa mpigo kama kijana.

Mdogo wako,
Persis

~

Nyamira
10 Novemba 1997

Kaka,

Sijui kama barua hii itafika, maana mvua hii wanayoiita El Nino haikatiki. Mama ni mzima. Amepangiwa kupasuliwa Alhamisi wiki ijayo, tarehe 20. Mimi siku hiyo nitakuwa Kisii mjini, Zachariah amenituma kwenye mafunzo ya siku mbili na hataki kusikia udhuru. Damaris wa jirani atakaa na mama.

Jambo ninalouliza ni hili. Bahasha ya 12 ilifika. Ya 13 haikufika. Ya 14 imefika leo. Zachariah ananihimiza niiweke, kwa sababu ndiyo itakayoniwezesha kunakili kadi zote kwenda kwenye kompyuta mpya ya chumba cha upasuaji, ili daktari asinitafute kila mara. Nimepiga simu huko kwa Bharat mara mbili, haishiki. Waulize mafundi: naweza kuweka 14 bila 13, au ningoje? Nitafanya utakavyoniambia.

Mdogo wako,
Persis

~

Nairobi
12 Novemba 1997

Mdogo wangu Persis,

Salamu nyingi, na pole kwa mvua. Huku nako tunapakua tukiwa tumelowa mpaka mifupa. Nina kikohozi kidogo, kisikutishe.

Kuhusu diski usiwe na wasiwasi. Weka hiyo 14. Ukikosa duru moja ya kuchuma, chai haifi; duru inayofuata unachuma zaidi kidogo, basi. Hata hii ni hivyo. Ya 13 nadhani imelala kwenye gari fulani huko Narok, itakuja.

Mwambie mama namwombea Alhamisi. Mwambie nitakuja Krismasi nione shingo yake mpya kama ya msichana.

Kaka yako,
Ratemo

~

Nyamira
17 Novemba 1997

Kaka,

Barua yako ilifika Ijumaa, asante kwa kujibu upesi. Wamesema daraja limeondoka mbele ya Narok, kwa hiyo hii sijui itakufikia siku gani.

Leo asubuhi nimeweka 14. Haikulalamika hata kidogo, hata nikashangaa, kwa sababu nyingine huwa zinauliza maswali mengi. Halafu nikanakili kadi zote kwenda kwenye ile ya chumba cha upasuaji. Zilitoka kwangu 412, kule zimefika 371. Nilikaa nikifikiri. Nikaona pengine mfumo mpya umeondoa marehemu, maana hatukuwa tumewatoa. Majina kule yanaonekana mafupi, lakini kioo chake ni kidogo pia. Nilitaka kukuuliza, nikakumbuka uliyosema juu ya chai.

Mama amelazwa tangu mchana, kitanda cha dirishani. Nesi wake ni mgeni, ametoka Pwani, mpole sana, lakini hajui Ekegusii na mama Kiswahili chake ni cha sokoni. Nimemkuta akimwuliza kama kuna dawa yoyote inayomkataa. Mama akanyoosha kidole kuelekea chumba cha upasuaji, akasema kwa fahari, "Iko kwa mashine." Nesi akaenda kuangalia, akarudi akitabasamu, akaandika kitu kwenye karatasi ya kitandani. Nilitaka kumwambia kwa mdomo pia. Nikaona atafikiri karani anamfundisha kazi. Na onyo niliandika mwenyewe kwa herufi kubwa, halifutiki.

Kesho kutwa naondoka kwenda Kisii. Mama anakusalimu. Anasema uache kukohoa.

Mdogo wako,
Persis

~

Nairobi
19 Novemba 1997, Jumatano, saa nne asubuhi

Persis,

Sina muda wa salamu. Ukisoma hii kabla ya kesho, kimbia kwa daktari umwambie mama asidungwe chochote mpaka mtoe kadi yake ya karatasi kwenye gunia.

Leo asubuhi baridi ilinifanya nilitoe lile koti langu kuukuu msumarini, nyuma ya stoo. Nilikuwa nimelitundika tangu Ijumaa ile ya tarehe 31 Oktoba, lilipolowa nikashindwa kulivaa. Nilitia mkono mfukoni. Bahasha ya 13 ilikuwa humo. Siku ile nilipakua malori matatu na sikwenda ofisi ya basi. Nilijiambia nitaipeleka Jumatatu, nikasahau kabisa.

Na jingine baya zaidi. Uliniambia niwaulize mafundi. Sikuwauliza. Ankit alikuwa safarini Kampala, na Sudha niliogopa atauliza 13 iko wapi. Nikakujibu mwenyewe kwa mambo ya chai.

Nimempelekea Sudha bahasha sasa hivi. Hakunigombeza. Alivua miwani akaniuliza kama mmeshaweka 14. Nikasema sijui, lakini nilikuambia uweke. Akanieleza polepole ili nishike. Hiyo 14 inaleta njia mpya ya kunakili. Hiyo 13 ndiyo inayoifundisha njia hiyo kujua majina marefu. Bila 13, inanakili kwa mtindo wa zamani: inakata kila jina kwenye herufi ya nane. Majina mawili yakianza sawa, la pili linalala juu ya la kwanza na la kwanza linapotea. Akaniuliza, "Hospitali hiyo ina watu wenye majina yanayofanana?"

Nilihesabu kwa vidole mbele yake. Kemuma Nyaboke. Kemuma Nyanchama. Na nafasi nayo inahesabiwa kama herufi, Persis. Mpaka ya nane wote ni mtu mmoja, na Nyanchama ndiye anayekuja nyuma.

Sudha anapiga simu kila dakika kumi. Inavuma kama mzinga halafu inakufa. Wanasema nguzo zimeanguka. Hii naipeleka basi sasa hivi, nimemwomba dereva kwa jina la mama yake. Kimbia.

Ratemo

~

Nairobi
24 Novemba 1997

Mdogo wangu Persis,

Natumaini u mzima. Naandika hivyo kwa mazoea ya mkono, sijui mengine.

Leo basi la kwanza limefika kutoka Kisii, limezungukia Kericho. Nilikuwa pale ofisini tangu alfajiri. Karani alinipa bahasha mbili. Moja ni barua yangu ya tarehe 19, haikutoka Nairobi, ilikuwa chini ya benchi imelowa. Ya pili ni yako ya tarehe 17. Niliisoma nimesimama. Niliposoma 412 na 371 nilikaa chini kwenye matope, watu wakanipita.

Hao arobaini na mmoja hawakuwa marehemu.

Simu ya hospitali bado haishiki. Ya Kisii ilishika jana mara moja, kwa duka la ndugu yake Bharat, lakini hakuna mtu pale anayejua habari za Nyamira. Leo ni siku ya nne tangu Alhamisi na hujaniandikia. Nimejiambia ni daraja. Basi hili la leo limeleta barua za watu wengi.

Ankit amerudi. Analia na kusema ni diski zake. Sudha anasema ni Bharat aliyeuza kitu kisichosimama hata wiki moja. Wewe usiwasikilize, na ukiulizwa usiseme ni kompyuta. Uliuliza swali zuri kwa wakati wake, na mtu akakujibu bila kujua. Nitamwambia mama mwenyewe, kama atanisikia. Nawe sikukatazi kuniambia lolote.

Natoka kesho kwa gari la kwanza. Barua hii nampa utingo wa lori linaloondoka jioni hii, labda itanitangulia. Nikishuka pale njia panda ya Gesima nitasimama kwanza niangalie nyumbani, maana kutoka pale uwanja wetu unaonekana wote. Nikiona moshi wa jiko la mama na uwanja mtupu, nitateremka mwenyewe. Nikiona watu wengi wameketi nje, sitateremka. Nitangoja hapo hapo barabarani. Uje wewe unichukue, Persis, asije mtu mwingine.

Kaka yako,
Ratemo