Kilio Nilichokiigiza

Jumanne. Joto la kukausha usipa, dagaa wetu wa ziwani, kwa nusu siku, na ziwa limetulia tuli. Naandika kwa simu nisiyoizoea, kwa hiyo mkiona herufi zimerukwa mnisamehe. Simu yenyewe ni ya dada.

Leo nimeita watu kwenye msiba ambao haupo.

Mimi niko kidato cha nne na Fasihi naiweza, sijisifu. Wiki iliyopita tulisoma shairi la maombolezo, mtu anamlilia mkewe beti kwa beti. Nilihesabu mizani, nikataja vina vya kati na vya mwisho, nikapata zote. Moyoni sikusikia kitu. Nikajiambia basi, ndivyo nilivyoumbwa.

Maana hata baba alipofariki, mwezi wa pili, sikulia. Gari lilipomleta kutoka Mbinga alikolazwa, mama alianguka chini, shangazi zangu wakaangua kilio, mimi nikaenda kubandika maji ya chai. Siku zote za matanga nilikuwa naosha vikombe. Shangazi waliniteta waziwazi. Mama hakunisema mbele za watu, ila wageni walipoondoka aliniuliza mara moja tu, "Baba yako alikukosea nini?" Tangu hapo tunaishi kwa shikamoo na marahaba, zaidi ya hapo hakuna.

Sasa leo. Kipindi cha tamthiliya, Madamu Ndunguru, mwalimu wetu wa Kiswahili, akasema hatusomi kwa macho, tunaigiza. Nikapewa nafasi ya mama anayeletewa habari kwamba mwanawe ameuawa. Kitabuni ameandikiwa mstari mmoja tu wa kulia. Niliusema kama nasoma tangazo la mnada, darasa zima likacheka. Madamu akauliza mimi ni mama wa wapi, na kama kwetu watu wanalia hivyo.

Aibu ilinipanda. Nikaweka kitabu sakafuni, nikalia kwa Kinyasa, lugha ya kwetu.

Kwetu mwanamke akiletewa habari ya kifo haanzi na machozi, anaanza na sauti. Anaipandisha mpaka juu kabisa, anamwita marehemu kwa jina, anamuuliza nyumba amemwachia nani. Nilifanya yote hayo, mikono kichwani. Mwanzoni, nakiri, nilitaka tu kuwanyamazisha wale wa dawati la nyuma. Halafu machozi yakaja. Yalikuja na kamasi, sikuweza kuyazuia.

Nilichosahau ni jambo ambalo hata mtoto mdogo wa huku analijua. Sauti ile ikisikika, kila aliye karibu anaacha anachofanya na kukimbilia inakotoka. Na shule yetu iko jirani kabisa na chanja za kuanikia usipa.

Walikuja. Wanawake wamejifunga kanga viunoni, mikono imejaa magamba, wengine wanalia tangu njiani bila kujua wanamlilia nani. Dereva wa bodaboda alimwacha abiria barabarani. Mkuu wa shule akasimama mlangoni kuomba radhi, akaeleza kwamba ni somo, hakuna aliyekufa. Bibi mmoja akamuuliza kwa upole kama siku hizi shuleni wanafundisha kuita misiba. Hakuna aliyecheka.

Mama yangu, ambaye naye huanika usipa pale, alikuwa mbele yao wote, pekupeku. Alinitazama uso uliolowa, akatazama kitabu pale sakafuni, na niliona anaelewa kwamba aliyeliliwa ni wa kitabuni.

"Kumbe machozi unayo," alisema.

Akageuka. Nilimkimbilia mpaka nyuma ya jiko la shule, nikamshika mkono.

"Mama, nilikuwa namlilia baba."

Alinivuta kifuani akalia, nami nikalia tena. Jioni hii amenipakulia ugali yeye mwenyewe. Amenisimulia baba alivyokwenda kumposa akiwa na viatu vya kuazima, tena akacheka, mama ambaye tangu mazishi hajataja hata jina lake.

Sijui kama nilimwambia kweli.

Tangu saa kumi najaribu kukumbuka nilimwona nani wakati nalia. Jina nililoita ni la yule mtoto wa kitabuni. Baba simwoni popote. Labda alikuwepo, labda nilisema vile kwa sababu nisingeweza kumwacha mama aondoke na lile neno. Nimejishtua mwenyewe. Sikujua kama mtu anaweza kulia kiasi kile na asijue analia nini.

Madamu amefurahi mno. Anataka turudie Ijumaa, siku ya wazazi, na mkuu wa shule atatangaza mapema ili watu wasikimbie tena. Mama amesema atakaa mstari wa mbele. Ameshaifua kanga aliyovaa siku ya mazishi, ameianika hapa uani, inadondosha maji mbele yangu ninapoandika.

Ijumaa nikifungua mdomo pale mbele yake, nitamlilia nani?