Mbuzi Tuliowavisha Pua

Mpendwa mshauri wetu wa gazetini, Apa Kulyash, naomba msaada, lakini kabla ya msaada naomba siri: barua hii usiisome kwa sauti hapo ofisini kwenu, na ukiichapisha ubadilishe jina langu, la mjomba wangu, la mgeni wetu na, ikiwezekana, uwafiche hata mbuzi, kwa sababu mji wetu ni mdogo na mbuzi wale wanajulikana.

Mimi ni karani katika ofisi ya mjomba wangu Sersenbai, kaka wa mama, ambaye huwachukua wageni kwa gari wakaone roketi zikirushwa Baikonur, kisha huwazungusha nyikani kutazama wanyama, na kwenye bango letu mimi mwenyewe, pamoja na kisomo changu chote, niliandika "Roketi asubuhi, saiga jioni, harudi mtu bila kuona", na roketi, nashukuru, huruka, hata kama kwa kuchelewa, lakini saiga, Apa, unawajua mwenyewe, swala wale wenye pua kama soksi iliyolowa, hawasomi mabango.

Sasa amekuja Bi Leida, mwalimu mstaafu kutoka Estonia, ambaye macho yake yanafifia na daktari amemwambia kwamba ifikapo mwakani hatatofautisha ngamia na nyumba, kwa hiyo alitaka kuona vitu viwili tu kabla giza halijaingia, na roketi aliiona, akalia, akapiga makofi, kisha tukaizunguka nyika mpaka gari likaanza kukohoa, saiga hata wa dawa hatukumpata, ndipo mjomba akanivuta pembeni.

"Mpwa wangu, una mikono myepesi. Kata sufu."

"Sufu ya nini, mjomba?"

"Ya pua."

Nilikata, Apa. Nilitumia zulia kuukuu la sufu ngumu, nikashona pua nene zenye matundu mawili, nadhifu kabisa, tukawavisha mbuzi majike wa jirani wasio na pembe, tukawaachia ng'ambo ya kilima, na mjomba akamketisha Bi Leida mbali akamwambia kwamba saiga wakikaribiwa huona haya wakazirai. Yule mama aliwatazama kwa darubini akitabasamu kama mtoto, akawachora mmoja mmoja kwa penseli ili wanafunzi wake wa zamani wawaone.

"Sikujua kama wana ndevu," akasema.

"Wale ni wakubwa wao," mjomba akajibu bila kupepesa.

Jioni tukamchinjia kondoo, tukamwekea kichwa mbele yake kama inavyompasa mgeni wa heshima, naye, kwa kuwa alikuwa ameelekezwa, akanikatia mimi sikio, maana ndimi niliyekuwa mdogo kuliko wote mezani, ili nisikie la wakubwa, kisha akainua viganja akatuombea dua: "Nyinyi mlioyapa macho yangu furaha, Mungu asiwanyime kuona." Sikio lile nililitafuna kama soli ya kiatu, na mpaka leo sijui kama limeshuka.

Ningeweza kufa nalo kimya kimya, lakini jana mchunga kondoo mmoja alipita akasema saiga wa kweli wamefika, kundi zima, wako bondeni na watoto wao, si mbali hata kidogo, nikamkimbilia mjomba nikihema.

"Mjomba, wamekuja!"

"Kina nani?"

"Saiga!"

"Wamechelewa. Waambie warudi mwakani."

"Mwakani Bi Leida hataona!"

"Na akiwaona hawa, atauliza wale wenye ndevu walikuwa kina nani. Utamjibu nini, kwamba ni wakwe zako?" Akatia funguo za gari mfukoni mwa suruali, akaupigapiga mfuko.

Sasa nifanye nini, naye ndiye aliyenilea tangu baba alipofariki, na mwenyewe hupenda kuwatania wageni kwamba mpwa ni mwizi halali, anachukua vitu vitatu kwa mjomba wala hazuiwi, na mimi nimekwisha kuchukua mwanapunda mmoja na kofia ya manyoya, cha tatu nakiweka kwa ajili ya arusi yangu, ingawa mchumba bado sina? Treni ya Bi Leida ni Ijumaa, gazeti lako hutoka Jumatano, ndiyo maana nimeileta barua hii kwa mkono. Usinijibu kwa simu, mjomba huipokea. Kama una la faragha, liache kwa mama muuza mkate wa stesheni, umwambie ni la yule kijana anayeomba radhi kabla ya kusalimu. Atanijua.

*Karani Mwenye Hofu*

Apa Kulyash anajibu:

Mwanangu, umetaka siri ukaandikia gazeti. Basi. Majina nimebadilisha yote. Mbuzi nimewaacha kama walivyo, wao hawana kosa.

Nakuhurumia, kwa sababu una dhamiri. Lakini nakugombeza, kwa sababu dhamiri yako iliamka baada ya kushona matundu ya pua, tena mawili, tena nadhifu. Kijana mwenye nguvu za kushona hivyo hakosi nguvu za kusema "Mjomba, hapana."

Unaniuliza unyamaze au useme. Mama wa watu anafunga macho yake akiwa amebeba humo mbuzi wa jirani, na saiga wako bondeni wananyonyesha! Ulipewa sikio usikie la wakubwa. Aliyekukatia ni mkubwa pia. Msikie huyo.

Fanya hivi. Alhamisi, wakati wa chai ya asubuhi, watu wote wakiwa mezani, simama. Mwambie Bi Leida ukweli kwa mdomo wako kabla saiga hawajamwambia kwa pua zao. Usizunguke na usiseme "tulilazimika". Mwekee mbele yake pua moja ya sufu, aishike. Kisha mgeukie mjomba wako, nyosha mkono, useme: "Mjomba, cha tatu changu ni gari, na wewe ndani yake. Utaendesha." Mbele ya wageni hawezi kukunyima, mila ni yake mwenyewe, ndiyo anayoitangaza kila siku. Na akiinua mkono akupige, mkumbushe wasemavyo wazee, kwamba ampigaye mpwa mkono wake hutetemeka hadi uzee, na mkono unaotetemeka haushiki usukani.

Arusi? Utaoa bila cha tatu. Anayekutaka kwa sababu ya mali ya mjomba wako, mwachie mjomba wako.

Nawe Sersenbai, ambaye jina lako si hilo, najua unasoma hapa kabla ya ukurasa wa michezo: zitoe funguo mfukoni.

Mimi Alhamisi nitakuwa kwa mama muuza mkate wa stesheni, pale njia panda ya kwenda bondeni, nimevaa kitambaa chekundu. Mkipita, pigeni honi. Mimi pia sijawahi kuwaona.