Bustani Yangu Imesajiliwa kwa Jina Lako

Mwanjelwa, Mbeya
Jumatatu asubuhi

Mdogo wangu Zakaria,

Kamwene. Mimi ni mtu wa miaka themanini na moja. Nimewazika baba na mama, nimemzika mke wangu, nimewazika wenyeviti watatu wa kijiji na trekta la ushirika lililokuja likinukia rangi mpya. Daktari aliyesema moyo wangu hautafika mavuno, yeye ndiye hakufika. Kwa hiyo usidhani kompyuta itanimaliza mimi. Naandika kwa mkono wangu, hakuna aliyenishikia kalamu, na ukiona mistari inapanda mlima ujue ni hasira. Macho, ambayo mwanangu Yohana alinileta huku yatibiwe, yamepona, na daktari wa macho angekuwa ameniruhusu kurudi ningekuwa nimesharudi nikuseme ana kwa ana.

Wewe hujambo? Goti lako la kushoto linasemaje na baridi hii? Shemeji hajambo? Na binti yangu Esta, bado anakaa pale barabarani na ndoo zake za nyanya, au mvua imemfukuza? Nauliza kwenye karatasi kwa sababu simu yangu hupokei. Tangu Alhamisi ile nikipiga inaita mpaka inachoka yenyewe. Ungepokea nisingeandika. Mimi si mtu wa barua, unajua, shule niliiacha darasa la tatu kwa kupenda mwenyewe na mwalimu alisikitika.

Sasa sikiliza, na usiikunje kabla ya kufika mwisho.

Unakumbuka katibu wa mfereji alivyotangaza kwamba safari hii zamu za maji haziandikwi kwenye daftari lake. Kila mwenye bustani ajisajili mwenyewe kwenye mtandao, wewe hapo Ilula kwa mashine ya ofisini, mimi huku kwa mashine ya Yohana. Asiyejisajili hana zamu, na asiye na zamu nyanya zake zinakauka anaziangalia. Nikasema sawa. Mimi nilichimba huo mfereji wakati katibu mwenyewe hajazaliwa, nitashindwa kubonyeza?

Na mfumo wenyewe ni wa hapa nyumbani. Mke wa Yohana, huyu binti wa Kinyakyusa tunayemwita Mama Atupele, ndiye aliyeutengeneza. Ushirika walimpa kazi hiyo kwa sababu ndiyo fani yake, anaandika programu kwa lugha ya Java, anasema ina kiunzi chake tayari kama cha nyumba, yeye anakandika tu. Digrii anayo. Lakini nikwambie jambo ambalo hukuliona kwa wake zetu. Kwao mwanamke haketi chumba kimoja na baba mkwe. Hamtazami usoni, hataji jina lake. Mimi nikiingia sebuleni yeye anatoka kwa mlango wa jikoni. Kikombe changu hakinywewi na mtu, sahani yangu ina rafu yake, kigoda changu hata mtoto hakikalii. Ukimsikia anaongea nami ni kutoka nyuma ya mlango, na sauti ameishusha. Nilipenda sana. Kwetu huko nani aliwahi kuniheshimu hivyo? Wewe?

Kabla mfumo haujafunguliwa kwa watu, alitaka aujaribu na mtu wa pili. Yohana alikuwa Nyololo amefuata mbao. Basi mkwe wangu akiwa chumbani akampigia mumewe Nyololo, na Yohana akiwa Nyololo akanipigia mimi niliyekuwa sebuleni, ukuta mmoja katikati yetu. Akaniuliza kama ningekubali Mama Atupele aje aketi humu na mashine yake, nami na ya kwangu, tujaze kwa pamoja. Nikamwambia mila ni mila, sitaivunja kwa ajili ya chombo cha umeme. Jibu likaenda Nyololo likarudi chumbani. Akajaribu peke yake, na peke yake mambo yakaenda vizuri.

Alhamisi ikafika, usajili ukafunguliwa asubuhi. Yohana alikuwa amesharudi, akaniwekea mashine mezani. Kuna kurasa nne. Wa kwanza unaandika jina. Wa pili unaonyesha bustani yako ni ipi kwenye mfereji, nami nikachagua ya bondeni penye jiwe kubwa, aliyoniachia baba. Wa tatu unachagua siku ya maji. Wa nne unakuonyesha yote kwa pamoja, kama ni sawa unabonyeza Thibitisha. Nikatazama bustani, sawa. Nikatazama siku, sawa. Jina sikulitazama. Nani anakaa kujisoma jina lake mwenyewe? Nikabonyeza.

Likaja neno la pongezi. Hongera Zakaria, bustani ya bondeni penye jiwe imesajiliwa kwa jina lako.

Mimi Onesmo nimekaa kwenye kiti changu, nimebonyeza kwa kidole changu, anapongezwa Zakaria.

Mtu mwingine yeyote angewaza nilivyowaza. Bustani hiyo uliililia baba alipogawa, usikatae, shangazi zetu wote walikuona. Nikasema amengoja miaka yote hii, sasa amemhonga katibu. Ndipo nikakupigia simu. Mimi sikujua kwamba wameiweka simu mezani sauti juu, ofisi nzima inasikia. Niliyoyasema uliyasikia, na neno mwizi nililisema, siwezi kusema sikulisema. Wewe ukajibu jambo moja tu.

"Kaka, mimi nimeandika ya kwangu tu."

Ukakata. Na mimi nikaendelea kusema na simu iliyokatwa.

Yohana akaniambia nimebonyeza vibaya. Huyo ndiye mwanangu niliyemsomesha kwa nyanya za bustani hiyo hiyo. Nikamwambia mimi nimewahi kuendesha trekta kwenye ngema ya mlima na jembe nyuma, wewe unaniambia habari ya kubonyeza. Ijumaa sikula mezani kwao. Jumamosi nilikula, lakini kwa hasira.

Mama Atupele yeye alijifungia na mashine yake, akatoka kwenda kupika, akajifungia tena. Jumamosi mchana, Yohana yuko hapa ananisoma uso, nikasikia sauti nyuma ya mlango wa jikoni.

"Baba, Baba Mdogo hajaiba. Nimewaibia mimi wote wawili bila kujua."

Akaeleza, nami nakueleza wewe kama nilivyoelewa, na nimeelewa vizuri kuliko Yohana. Hizi kurasa hazina kumbukumbu. Ukurasa wa pili haujui kama uliwahi kuwa wa kwanza. Ukishaondoka pale ulipoandika jina, umesahauliwa, kama mtu aliyepita barabarani na basi. Kwa hiyo anayeandika programu lazima akushikie uliyoyasema, ayabebe ukurasa hadi ukurasa, mpaka umalize. Kiunzi chenyewe kinampa namna za kuyashika. Kuna mahali pa mgeni mmoja, kila anayeingia anapewa pake mpaka atoke. Na kuna mahali pa programu nzima, pa watu wote, pa vitu kama jina la ushirika ambalo ni moja kwa kila mtu. Unaandika neno moja tu la kusema kitu hiki kiishi wapi. Yeye aliandika neno la pa wote.

Sasa ona. Mimi nimeandika Onesmo, limewekwa pale. Wewe huko Ilula muda huo huo umeandika Zakaria, limewekwa pale pale, langu limefutika. Kisha wewe ukasimama kunywa chai na katibu, nakujua. Mimi nikaendelea na bustani yangu, siku yangu, nikathibitisha, mashine ikachukua jina lililokuwepo, yaani lako. Ulipomaliza chai ukarudi ukasajili ya kwako. Ukawa na bustani mbili. Mimi sina hata moja.

Zakaria, nilipandwa na hasira mpya kabisa, ile ya kwanza ikawa kama salamu. Nikamwambia pale pale mlangoni. "Wewe mama, jikoni unanitengea kikombe, unanitengea sahani, kigoda changu hakikaliwi na mtu. Kwenye mashine ukanilisha sahani moja na Zakaria?"

Maji yalikuwa yanachemka, nikayasikia. Kisha akasema, "Jikoni nawaona, Baba. Kwenye mashine nilikuwa nimekaa peke yangu."

Yohana akatazama chini. Sijui alikuwa anatazama nini, pale chini hapakuwa na kitu.

Jioni Mama Atupele alikuwa amesharekebisha. Akataka kujaribu, na safari hii hakupiga simu popote. Nikageuza kiti changu kikaelekea dirishani, nikamwambia Yohana mwambie aingie, mimi natazama mlima. Akaingia, akaketi meza ya nyuma, mgongo wake na mgongo wangu. Kaka yako hajavunja mila ya mtu, usije ukasikia vingine. Mimi nikaandika jina langu. Yeye akaandika la kwake juu yake kama wewe ulivyofanya. Mimi nikachagua bustani ya majaribio, yeye akachagua yake. Nilipofika ukurasa wa nne, Yohana akauliza jina gani liko pale kwa mzee. Mkewe hawezi kulitaja, kwa hiyo nilisoma mwenyewe, herufi kwa herufi. Onesmo. Lilikuwa limekaa.

Sasa haya ndiyo ninayoyataka kwako. Nilimwambia Mama Atupele aingie humo ndani ya mashine anirudishie bustani yangu, akakataa. Anasema kwa kanuni ya ushirika aliyeandikwa ndiye anayeachia, na yeye akipita mlango wa nyuma watu watasema mkwe amempa mkwewe. Nimemgombeza, hajasogea. Ni mkaidi, sijui amemfuata nani. Katibu ameshaambiwa kosa lilipo, amesimamisha usajili, anaufungua tena Jumatano. Jumamosi zamu zinasomwa mbele ya watu. Na kanuni unaijua, mtu mmoja hawezi kuwa na zamu mbili. Wewe ukisomwa mara mbili, ile ya bondeni wanampa aliye kwenye foleni. Hutaipata wewe, sitaipata mimi, na Esta atauza nini kwa wasafiri? Mawe?

Jumatano asubuhi nenda ofisini. Salimiana na katibu kwanza, muulizane habari za nyumbani zote mmalize, ndipo uketi. Ukianza kujaza halafu ukakaa kusalimiana, ukurasa nao una muda wake, unakusahau na kukuambia uanze upya. Mimi limenipata jana kwenye majaribio, jirani aliingia tukaulizana hali tu za watoto wake, nikageuka nimeshafukuzwa. Andika jina lako, zitatokea bustani mbili. Chagua ya penye jiwe. Kuna neno Achia. Usilibonyeze mpaka tuwe tunasikilizana, kwa sababu ukiiachia bustani inabaki wazi, yeyote aliye mtandaoni anaweza kuidaka. Mimi nitakuwa hapa nimeshaandika jina langu nangoja. Wewe unaachia, mimi nadaka. Kwa hiyo washa simu, Zakaria. Ukiona naita, pokea. Na iwekeni mezani sauti juu kama siku ile, ofisi yote isikie, nina la kusema, na katibu na wote waliokuwepo siku ile wawepo.

Nisalimie shemeji, mwambie ugali wa huku ni mlaini mno, hakuna anayejua kusonga kama yeye. Nisalimie Esta binti yangu, asihangaike, baba yake yuko kazini. Nisalimie mwinjilisti aliyeniombea macho, na yule fundi baiskeli mpwa wetu, mwambie ile spana ni yangu. Dereva wa lori la viazi atakuletea barua hii, mpe maji ya kunywa.

Kama kuna mtu hapo atasema mzee Onesmo ametunga haya ili kujisafisha, wapo wa kunithibitisha. Yohana alikuwepo sebuleni, ingawa alikuwa anatazama chini. Mama Atupele atasema, mkimpigia na mkakubali hatalitaja jina langu. Na shahidi wangu wa tatu ni wewe. Ulisema umeandika ya kwako tu. Wakikuuliza, sema hivyo hivyo, na useme kaka amekubali.

Kaka yako,
Onesmo