Wosia wa baba mkwe, na makaburi

Mabawe, Jumanne

Historia ya ukoo gani hii ya kuulizia makaburi?

Deo, mjukuu wa shemeji yangu, amekuja na nakala ya wosia wa baba mkwe, kaitoa mahakamani kwenye faili la mirathi. Eti anaandika majina ya wazee wetu. Nikamtajia yote. Kisha akataka nimwonyeshe walikozikwa.

Huku kwetu anayejua makaburi ya babu zake ndiye mwenye shamba. Na kwenye wosia huo, kanisomea mwenyewe, mimi mjane simo. Nitaenda wapi na uzee huu?

"Bibi, unaniogopa?"

"Nakuogopa, mjukuu wangu. Kula kwanza."

Amekula ndizi akashiba, nikampa kitanda changu. Makaburi nimeyafunika kwa majani ya migomba.