Godoro la Njeri

Wairimu mjukuu wangu,

Huku Gatuanyaga tu wazima, na ng'ombe amezaa. Unauliza kama kweli kuvu ya ukuta wa chumba chako inaweza kuamsha pumu yako. Ni kweli. Kifungua mimba wangu Njeri, mtoto mrembo kuliko wote Ruiru tulikokuwa vibarua wa shamba la kahawa, alikuwa na pumu. Msimu wa mvua nilimshonea godoro la maganda ya kahawa, maana kwa kushona hakuna aliyenishinda. Alipobanwa kifua nilidhani ni baridi, nikamfunika zaidi.

"Mama, wacha nilale chini."

"Godoro kama hili hata nyapara hana. Lala."

Asubuhi moja nilimkuta sakafuni, mdomo kwenye upenyo wa mlango, amekata roho. Nilipolipasua godoro, vumbi la kuvu lilinikohoza hata mimi.

Hama chumba hicho, mwanangu.

Cucu wako