Bei ya Feni ya Kinyozi

Tarehe 3 Februari

Kwa binti yangu mpenzi,

Salamu zikufikie hapo ulipo, zikukute huna hata mafua. Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti la mama yako, ambalo linamsumbua akipanda ngazi na halimsumbui kabisa akienda sokoni. Amesema nikuulize kama unakula vizuri. Basi nimekuuliza.

Ijumaa tulikuwa sote kwa Kinyozi kutazama kipindi chenu. Tangu Jumatatu nilikuwa nimeshawatangazia watu kwamba safari hii "Kutoka Jalalani" wanafufua feni, kwa hiyo waliokuja kunyolewa walikuwa wachache na waliokuja kutazama walijaa mpaka mlangoni. Yule fundi wenu ana mikono ya dhahabu, sikatai, ingawa anatabasamu mno kwa mtu anayefungua skrubu zenye kutu. Alipoitoa ile feni kwenye gunia, wavu umepinda na rangi imebanduka, nikasema kwa sauti, "Hiyo ni ndugu yake na hii yetu!" Maana ni ileile, binti yangu. Mapanga manne ya shaba, kitako cha chuma kizito, swichi ya kuzungusha. Ni kama hii inayotupepea kwa Kinyozi tangu wewe hujaanza shule.

Tukatazama mpaka mwisho. Feni inang'aa, inageuza shingo huku na huku, muziki unapigwa, halafu bei ikatokea kwenye kioo cha televisheni. Rafiki yangu Dereva alidhani mmeongeza sifuri kwa bahati mbaya. Hiyo si bei ya feni, ni bei ya pikipiki mpya! Kinyozi akasimama na wembe mkononi, akaitazama feni yake pale kwenye rafu, akaenda akaizima. Eti isije ikachoka. Tulicheka mpaka mteja aliyekuwa kitini akaomba amaliziwe shavu la pili.

Feni zangu zimejaa sebuleni kama unavyojua, na miaka yote mama yako ameziita takataka. Jumamosi asubuhi nimemkuta anazipangusa vumbi moja moja, tena kwa kitambaa kisafi.

Ni mimi baba yako.

&nbsp;

Tarehe 14 Februari

Shikamoo baba,

Barua yako nimeisomea kwenye basi nikacheka peke yangu, watu wakasogea mbali nami. Mimi sijambo. Mwambie mama ninakula, na goti asilifanyie mzaha, aende akapimwe. Umefanya vizuri kuandika, maana kwenye kurekodi tunanyang'anywa simu mlangoni na jioni nakuwa hoi, hata sauti yangu naichukia.

Sasa nikwambie jambo usilolijua. Ile bei niliiandika mimi. Fundi anatengeneza, mkurugenzi anapiga kelele, na mwanao kazi yake ni kutafuta kitu kilitoka wapi na leo kinauzwa kiasi gani. Kuhusu feni nilimpigia mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale, mtu anayejulikana sana hapa mjini. Akanitajia, nami nikaandika. Kwa hiyo ukisikia watu huko wamepagawa, usimlaumu fundi.

Msalimie Kinyozi. Bado anasema siku akifunga duka moja kwa moja feni ile ni yako?

Wako mtiifu, mwanao.

&nbsp;

Tarehe 20 Machi

Marahaba binti yangu,

Natumai hujambo. Mama yako amepimwa goti, akapewa dawa ya kuchua, sasa nyumba nzima inanuka kama chumba cha wachezaji mpira. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umechafuka, na nitakueleza kwa nini.

Tangu kipindi kile, huu mchezo wetu wa kukusanya feni umeharibika. Yule muuza vyuma chakavu, ambaye alikuwa ananiambia "mzee wangu chukua tu hiyo, inanizibia njia," sasa nikigusa hata wavu mtupu ananiuliza, "Umeona televisheni?" Mimi na Dereva tumebadilishana vipuri miaka na miaka, mota kwa mapanga, swichi kwa kitako, bila kutoa hata shilingi. Wiki iliyopita nimemwomba bushi moja ya mota akasema lazima kwanza aulizie bei. Dereva! Mtu ambaye nilimsimamia harusi!

Lakini hilo ningelimeza. Kubwa ni la Kinyozi. Amekuja bwana mmoja wa ile hoteli mpya ya ghorofa, anatafuta feni ya zamani ya kuweka mezani kwenye mapokezi, akaiona ile, akatamka bei yenu ya kwenye kioo bila hata kukohoa. Kinyozi hakumjibu ndiyo wala hapana. Akanitazama mimi. Ahadi anaikumbuka, na anajua ninaikumbuka. Ila macho yake yameharibika, binti yangu. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, yote mawili, na upasuaji una gharama. Mwezi huu amemkata mteja sikio, kidogo tu, lakini la mwezi uliopita pia lilikuwa kidogo tu.

Nami ile feni naitaka. Nitakwambia wazi, naitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote cha chuma. Nimeisikiliza ikizunguka nusu ya umri wangu. Nimekwenda benki kuulizia akiba yetu, nikafikiri labda nimpe Kinyozi bei ileile ya hoteli, mambo yaishe. Mama yako ameona karatasi ya benki. Tangu jana ananisemesha kupitia kwa paka.

Kwani ile bei haiwezi kupungua kidogo? Nauliza tu.

Baba yako.

&nbsp;

Tarehe 2 Aprili

Shikamoo baba,

Naomba upokee salamu zangu haraka haraka, na mama pia, kwa sababu nina neno ambalo haliwezi kusubiri. Tafadhali usitoe akiba. Usinunue feni yoyote kwa sasa, ya Kinyozi wala ya mtu mwingine.

Wiki hii tulikwenda kurekodi kwenye ghala la yule mfanyabiashara aliyenipa bei. Baba, zimo humo feni za aina ileile kwenye rafu, kutoka sakafuni mpaka juu, nimeshindwa kuzihesabu. Nilipomuuliza akacheka, akasema kipindi chetu kimemfanyia biashara kuliko mtoto wake aliyemsomesha. Nimewauliza wengine ambao ningepaswa kuwauliza tangu mwanzo, na wote wamenitajia robo ya bei ile, wengine chini ya hapo. Mtu mmoja kanidanganya, nami nikawadanganya watu wote.

Nimemwambia mkubwa wangu. Nimepewa onyo la maandishi, na nilistahili. Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa tano tutasahihisha hewani, na hapo bei itaporomoka. Mpaka siku hiyo ni siri ya ofisi. Nakwambia wewe tu ili usiitupe hela ya uzee wenu.

Mwanao.

&nbsp;

Tarehe 11 Aprili

Binti yangu mwenye akili,

Marahaba, na ubarikiwe. Sisi ni wazima, na mama yako ananisemesha tena moja kwa moja. Akiba haijaguswa. Umeniokoa, na barua yako nimeificha ndani ya kitako cha feni, mahali ambapo hakuna mtu atakayetafuta.

Tena nina habari ya kukufurahisha. Jumamosi nilikuwa kitini kwa Kinyozi, nimepakwa povu mpaka masikioni, mara akaniuliza, "Wewe una mtoto kulekule kwenye televisheni. Yule bwana wa hoteli anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi, wanafungua. Wengine wananiambia nisubiri, bei itapanda zaidi. Wewe wasemaje?"

Nikafikiri kidogo. Nikamwambia, "Usiwe na haraka, bwana. Ngoja mwezi wa tano." Akasema, "Basi nangoja. Wewe ndiye unayejua."

Hebu ona jinsi mambo yanavyojipanga yenyewe! Sijamwambia uongo hata neno moja, na siri yako nimeitunza kama ulivyotaka. Hoteli itatafuta pambo jingine, bei itashuka, Kinyozi hatakuwa na sababu ya kuuza, na ahadi yetu itabaki palepale ilipokuwa. Macho yanaweza kusubiri kidogo. Daktari mwenyewe alisema si jambo la dharura.

Nimeshapasafisha mahali pa kuiweka, karibu na dirisha.

Baba yako.

&nbsp;

Tarehe 18 Aprili

Shikamoo baba,

Nimekaa na barua yako siku kadhaa bila kujua nianzie wapi. Mtoto hamgombezi baba yake, kwa hiyo sikugombezi. Nakueleza tu ninavyoona.

Ile siri nilikupa ili usipoteze akiba yako. Sikukupa ili Kinyozi apoteze macho yake. Amekuuliza wewe kwa sababu anakuamini, baba, na ukamjibu ukiwa na barua yangu nyumbani. Kama hukumwambia uongo, basi mimi pia sikudanganya watu. Niliandika tu nilichoambiwa.

Kwenda kwa mkubwa wangu kukiri kulinitoa jasho. Nilimmwagia chai yake mezani. Lakini usiku ule nililala.

Mwambie kabla mwisho wa mwezi haujafika. Mwambie yote, hata hiyo ya ofisi. Wakiniuliza, nitajibu mwenyewe.

Sitaandika tena mpaka nipate barua yako. Ninakupenda, na nimekasirika sana.

Mwanao.

&nbsp;

Tarehe 27 Mei

Marahaba binti yangu,

Najua umengoja. Mama yako goti limepoa, anakusalimu. Mimi afya ninayo.

Barua yako niliipokea vibaya. Nilisema, tazama, nimemsomesha aje anifundishe adabu. Nikanuna, nikazunguka nyumba nzima. Mama yako akauliza tunaandikiana nini, nikamsomea kwa sauti nikidhani ataniunga mkono. Akasema, "Ameandika vizuri," akarudi kwenye sufuria yake.

Siku ya pili nikaenda. Nilingoja mpaka Kinyozi aninyoe shavu moja, kwa sababu nilijua nikisema mwanzoni sitanyolewa kabisa. Ndipo nikamwambia yote, bei ilivyo ya uongo, nilijua lini, na kwa nini nilimwambia angoje. Sikujitetea. Alisikiliza wembe ukiwa hewani, halafu akachukua taulo, akanifuta povu upande ambao hajanyoa. Akasema, "Ondoka kwenye kiti. Kuna mtu anasubiri." Hapakuwa na mtu. Nilirudi nyumbani na ndevu upande mmoja, na watoto wa mtaani walinisindikiza mpaka getini.

Yaliyofuata nimehadithiwa na Dereva, aliyekuwepo. Siku ileile Kinyozi alimwita bwana wa hoteli, na kabla ya kupokea chochote akamwambia bei hiyo si ya kweli, inashuka karibuni, asije akasema ameibiwa. Yule bwana akasema yeye hauzi feni, anataka yake iwe mezani siku ya ufunguzi, basi. Akapunguza kidogo, akalipa, akaibeba.

Hilo ndilo lililonichoma. Mimi nilimficha rafiki yangu wa maisha, na yeye hakutaka kumficha hata mtu aliyemwona mara mbili. Nimeona aibu, binti yangu, aibu ya kweli, ile ya kumfanya mtu mzima ajifanye amelala mchana ili asisemeshwe.

Ile Ijumaa tulikutazama hapa nyumbani, mimi na mama yako. Hatukujua kwamba ni wewe mwenyewe utakayetokea kusema umekosea. Sauti ilikutetemeka mwanzoni, kisha ikakaa sawa. Mama yako alilia. Mimi nilikuwa na kitu jichoni.

Kinyozi amefanyiwa upasuaji, jicho moja kwanza. Alifunga duka kwa muda, na Jumamosi hii amefungua. Nikaenda. Hakunifukuza. Alinionyesha benchi, nikakaa kwenye foleni nyuma ya watu ambao wakati mimi na yeye tunaanza urafiki walikuwa hawajazaliwa. Humo ndani joto lilikuwa la tanuri, rafu tupu. Zamu yangu ilipofika alininyoa vizuri sana, hakunikwaruza hata mahali pamoja. Alipomaliza akakung'uta kitambaa, akanitajia bei.

Tangu nimjue hajawahi kunitoza. Hata siku moja. Nikampa noti, akafungua droo, akanihesabia chenji kiganjani sarafu moja moja, akiziangalia kwa jicho lake jipya. Sijui kama umewahi kurudishiwa chenji na mtu ukatamani kulia.

Nilipofika mlangoni akaniuliza bila kugeuka, "Wewe una feni ngapi nyumbani?"

Nikasema, "Kumi na moja."

"Na watu wanaungua humu," akasema, akamwita mteja mwingine.

Tangu jioni nimekaa sebuleni nikizitazama. Kwanza nilishika ile yenye wavu uliolegea. Mama yako akanitazama tu, nikairudisha. Sasa nimeifungasha ile ya kijani, inayozunguka bila kusikika, ambayo hata wewe ulipokuwa mdogo nilikukataza kuigusa. Nimeitia grisi, nimeifunga kwenye blanketi, iko mlangoni. Kesho naipeleka.

Akitaka kuendelea kunitoza, na anitoze.

Baba yako.